Kazija na Mgeni wa Siku ya Mwaka

Paukwa!

Pakawa!

Mlangoni kuna nani?

Kuna mtu!

Na asipokuwapo mtu?

Huja asiye mtu!

Haya, sogeeni. Wewe Makame, kiwiko chako kitoe mbavuni mwa mwenzio. Hadithi ya leo sikuiokota njiani. Ni ya kwetu, ya tumbo letu hili, maana huyo Kazija nitakayemtaja ni bibi wa bibi yangu, na mimi kila nikimsimulia mgongo hunyooka wenyewe.

Basi hapo kale, upande wa kaskazini, palikuwa na mtu akiitwa Mcha na mkewe Mwanakombo. Walijaaliwa watoto watatu. Mkubwa ni Kazija, msichana wa miaka minane. Wa pili ni Ame, mtoto wa miaka mitatu, kazi yake kula na kuuliza. Wa mwisho ni Mize, kichanga cha miezi saba, hata jino hajaota.

Wazazi wale walikuwa watu wema, siwasemi vibaya. Walilima, walilisha, walivisha. Kasoro yao ilikuwa moja tu: wakisikia ngoma, hawakaliki.

Mwaka mmoja mavuno yalikuwa mazuri. Mcha akamwambia mkewe, "Mama Kazija, tumechoka na jembe. Safari hii twende Kusini tukapumzike, tukakoge Mwaka na wenzetu."

Mnaujua Mwaka wa Kusini? Ni siku nne za furaha. Wanaume hupigana kwa mashina laini ya migomba mpaka kinyongo cha mwaka mzima kiwatoke moyoni. Wanawake huimba wakitaniana. Watu hula mpaka wakachoka kutafuna. Na mila yao moja ni hii: nyumba isiyopata mgeni siku hizo imepata mkosi. Kwa hiyo mgeni hafukuzwi. Akipiga hodi, apewe chakula.

Basi wakafunga mizigo, wakatembea siku mbili, Mize mgongoni kwa mama, Ame mabegani kwa baba, Kazija kwa miguu yake. Walipofika Kusini wakapokewa na bibi mmoja mjane, jina lake Bi Mkasi. Akawapa banda la makuti mwisho wa mji. Nyuma ya banda hapakuwa na nyumba tena. Palikuwa na maweni tu, nchi ya mawe makali, vichaka na mapango.

Bi Mkasi akasema, "Banda hili ni lenu mpaka Mwaka uishe. Ila mila zetu mzijue. Mgeni hafukuzwi. Lakini sikilizeni wanangu, huyo mgeni ni lazima akaribishwe na..."

Du! Du! Du! Ngoma ikalia kiwanjani.

"Tumesikia, Bi Mkasi! Mgeni hafukuzwi!" Mcha akajibu, na mguu mmoja umeshatoka nje. Bi wa watu akabaki na nusu ya maneno mdomoni.

Mcha akamgeukia Kazija. "Mwanangu, wewe ndiye mkubwa. Waangalie wenzio. Chakula kile pale. Akija mgeni mkaribishe, maana mgeni hafukuzwi. Sisi tunarudi sasa hivi."

Wakaenda, baba na mama, wameshikana mikono kama maharusi. Ilikuwa adhuhuri. Na hiyo "sasa hivi" ya Mcha, wajukuu zangu, ilikuwa ndefu kuliko kanzu ya kuazima.

Jua lilipokaza, majirani wote wakawa kiwanjani. Kazija akasikia nje sauti nzito:

"Hodi!"

"Karibu," akaitikia, kama alivyoagizwa.

Akamwona mzee mrefu, kanzu nyeupe pe, kilemba kikubwa kama kata ya kubebea mtungi. Kazija akapiga magoti. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wazazi wako wako wapi?"

"Wako kiwanjani, babu. Wanarudi sasa hivi."

"Vizuri," akasema mzee. "Vizuri. Vizuri sana."

Akakaa upenuni, nje. Kazija akamtolea sinia la wali wa nazi na samaki. Mzee akala. Lakini alikula vipi! Mdomo wake aliufumba, macho yamewakodolea watoto, na mkono wake ukawa unapeleka matonge nyuma, chini ya kilemba.

Ame akauliza, "Dada, babu anakula kwa kisogo?"

"Nyamaza. Mgeni hatazamwi akila," Kazija akamwambia. Ndivyo alivyofundishwa.

Mzee akala, akamaliza sinia zima, akaondoka kuelekea maweni. Wazazi wakarudi magharibi, Mcha amejaa matope, Mwanakombo sauti imemkauka kwa kuimba.

"Mgeni alikuja," Kazija akasema. "Amekula chakula chote."

"Ni baraka hiyo!" Mcha akacheka. "Umefanya vyema, mwanangu." Watoto wakalala na viazi viwili.

Siku ya pili, adhuhuri, ngoma ikalia tena. "Kazija, waangalie wenzio. Tunarudi sasa hivi." Wakaenda.

"Hodi!"

Kazija akamvuta Ame karibu, lakini mgeni hafukuzwi. "Karibu."

Mara hii mzee hakukaa upenuni. Alikaa mlangoni hasa, kizingitini, miguu yake ameinyoosha ndani. Akaletewa sinia, akala kwa kisogo. Upepo ukavuma, ukakiinua kilemba kidogo tu, na Kazija akaona. Chini ya kilemba palikuwa na mdomo wa pili, mwekundu, mpana, una meno kama ya msumeno.

Hakupiga kelele. Akambana Ame ubavuni, akamfunika Mize uso. Mzee akamaliza, akamtazama Mize kwa muda mrefu, akaondoka. Alipokuwa akiingia maweni, akidhani hasikiki, akaimba:

*Karibu moja, nilikaa upenuni,*
*Karibu mbili, nimekaa kizingitini,*
*Karibu tatu, naingia ndani,*
*Kitoto laini, natia mdomoni,*
*Hapana mkubwa wa kuniuliza: u nani?*

Kazija akausikia wimbo ule wote, akauweka kichwani. Wazazi waliporudi hakungoja waoge.

"Baba, yule si mtu. Ni zimwi. Kesho nikimwambia karibu ataingia ndani amle Mize."

Mcha akacheka. "Zimwi gani linatembea jua la utosi? Njaa hiyo inakuotesha mchana."

Mwanakombo hakucheka. Akamtazama mwanawe, akamtazama mumewe. "Baba Kazija, kesho mimi nibaki?"

"Ubaki? Na wewe ndiye unayewaongoza wanawake wa kaskazini kuimba? Kesho ndiyo siku ya kupambana. Wenzangu wananitegemea mimi. Tukikosa sisi wawili tutachekwa mpaka mwakani."

Mwanakombo akageuka, akawatandikia watoto. Moyo wake ulikuwa unamwambia abaki, na miguu yake inamwambia aende. Nawaambia ukweli, wajukuu zangu, hapo ndipo ninapomkasirikia. Yule mume hakujua. Yeye alijua.

Siku ya tatu, adhuhuri, ngoma ikalia. "Tunarudi sasa hivi," akasema Mcha. "Tunarudi sasa hivi," akasema Mwanakombo, na mara hii hakuthubutu kumtazama Kazija machoni.

Kazija akachukua kanga, akambeba Mize mgongoni, akaikaza mafundo mawili. Akamshika Ame mkono. Akasimama katikati ya banda, akangoja.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi! Mbona hunikaribishi, mjukuu wangu? Siku ya Mwaka mgeni hafukuzwi. Ukinifukuza, mnapata mkosi. Na mkosi wenyewe ni mimi."

Kazija akafikiri. Nikimkaribisha, tumekwisha. Nikimfukuza, tumekwisha. Akakumbuka maneno ya wimbo, akajikaza, akauliza kwa nguvu, "Babu, wewe ni nani?"

Zimwi likacheka kwa midomo yote miwili. "Mtoto hamuulizi mkubwa! Wewe uliza mpaka kesho, swali la mtoto halinifungi. Aniulize mtu mzima. Yuko wapi mtu mzima hapa?"

Hapo Kazija akaelewa. Zimwi lile halikuwa likitafuta watoto tu. Lilikuwa likitafuta mlango usio na wa kuuliza.

Basi akatoka nje mwenyewe, kichwa juu, akasimama mbele yake. Miaka minane! Kichwa chake kilifika kiunoni pa zimwi. Akasema, "Babu, sikufukuzi. Wala sikukaribishi. Banda hili alikabidhiwa baba, si mimi, na asiyekabidhiwa nyumba hakaribishi mgeni. Baba yuko kiwanjani. Twende, akukaribishe yeye."

Zimwi likakuna kilemba. Halikuwa limemwona Mcha hata siku moja, lakini lilimjua. Mtu anayewaacha watoto peke yao siku tatu atasema karibu bila kugeuza shingo. Na karibu ya mtu mzima ni nene, ingelipatia watoto wote watatu.

"Twende," likasema. "Lakini ukikimbia, umenifukuza."

"Sikimbii," akasema Kazija.

Wakatembea. Mbele Kazija na kichanga mgongoni, ubavuni Ame, nyuma zimwi. Njia ni ya mawe makali, na jua linachoma. Kila nyumba waliyopita ilikuwa tupu, watu wa upande ule hawana watoto wadogo, wote wako kiwanjani.

Walipofika mbele kidogo, zimwi likasema, "Umechoka, mjukuu wangu. Nikupokee mtoto?"

"Sijachoka, babu."

Wakaenda, wakaenda. Ame akachomwa na mwiba, akalia, Kazija akamng'oa mwiba, akamfuta machozi, wakaendelea. Zimwi likasema, "Umechoka, mjukuu wangu. Nikupokee mtoto?"

"Sijachoka, babu."

Wakaenda, wakaenda. Nyayo za Kazija zikaanza kutoka damu, mgongo ukamuuma, kanga ikamkata bega. Na kisogoni pa Mize akawa anasikia pumzi ya moto inayonuka samaki wa jana. Zimwi likasema, "Umechoka, mjukuu wangu. Nikupokee mtoto?"

"Sijachoka, babu!"

Alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka sana. Lakini hakukimbia, na hakulia, na mkono wa ndugu yake hakuuachia. Nipeni maji ninywe. Kila nikifika hapa husimama kidogo, si kwa uchovu, ni kwa fahari.

Basi wakafika kiwanjani. Vumbi, ngoma, vigelegele! Katikati alisimama Mcha, kifua wazi, shina la mgomba mkononi. Amewashinda wote, na watu wa kaskazini wanalitaja jina lake. Mwanakombo yuko mbele ya wanawake, anaimba. Kazija akapenya katikati ya watu mpaka nyuma ya baba yake.

"Baba!"

Mcha hakugeuka. Alikuwa akifuta jasho. "Tunarudi sasa hivi, mwanangu, sasa hivi!" Watu wakacheka.

Zimwi likainama, likasema kwa sauti tamu, "Hodi, bwana Mcha!"

Mcha akafungua kinywa, vilevile bila kugeuka. "Ka..."

Kazija akaruka, na kichanga mgongoni, akambandika baba yake kiganja mdomoni.

Ngoma ikakatika. Wimbo ukakatika. Mtoto anamziba baba yake mdomo mbele ya kaumu! Jambo hilo halijapata kuonekana, wala msije mkalijaribu nyumbani.

"Baba, usimkaribishe," Kazija akasema. "Muulize kwanza. Mimi nimemuuliza, hakunijibu. Mimi ni mtoto. Muulize wewe, ndiyo kazi yako."

Ndipo Mcha alipogeuka. Akaziona nyayo za mwanawe zina damu. Akamwona Ame amejishika kangani. Na juu ya utosi wa Mize akauona mkono mrefu, kucha kama mundu, unangoja neno moja tu.

Shina la mgomba likamwanguka. Bingwa wa kiwanja alikuwa na hofu. Lakini akapita mbele, akasimama katikati ya zimwi na wanawe, akauliza:

"Wewe ni nani?"

Zimwi likakosa jibu. Kilemba kikaporomoka, mdomo wa kisogoni ukaonekana, meno yanagongana. Watu wakapiga mayowe.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Zimwi likakosa jibu. Likaanza kunywea. Likawa kimo cha mtu, likawa kimo cha mbuzi, kanzu inaburura chini.

"Umetoka wapi? Na nani aliyekwambia kwamba wanangu wako peke yao?"

Swali hilo zimwi lililijibu. Lilisema kwa sauti ndogo kama ya mbu, na kiwanja kizima kikasikia:

"Wewe. Siku tatu nilikuwa nyuma ya banda, nakusikia ukisema unarudi sasa hivi."

Halafu puu! Likapasuka. Hapakubaki kitu ila kanzu tupu na chungu ya wali wa nazi wa siku mbili, bado unatoa moshi. Hata kuku hawakuugusa.

Hakuna aliyeshangilia. Bi Mkasi akaja na bakora yake, akasimama mbele ya Mcha.

"Juzi hukunipa nafasi nimalize," akasema. "Sasa nisikilize. Mgeni hafukuzwi, lakini mgeni hukaribishwa na mtu mzima, akaulizwa jina lake na kwao. Ndiyo maana sisi hapa kila siku ya Mwaka hubaki mkubwa mmoja kila nyumba yenye mtoto, hata awe na miguu ya kucheza namna gani. Mwaka huja kila mwaka, bwana. Mtoto haji mara mbili."

Mcha, bingwa wa kiwanja, akainamisha kichwa. Mwanakombo akaja mbio, analia, akapiga magoti mbele ya bintiye. "Nisamehe, mwanangu. Ulituambia. Mimi nilijua, nikaenda."

Watu wakasubiri Kazija alie. Hakulia. Wakasubiri ajisifu. Hakujisifu. Akafungua fundo la kwanza la kanga, akafungua la pili, akamtoa Mize mgongoni, akampa mama yake mikononi. Akamchukua Ame, akautia mkono wake katika mkono wa baba yake.

"Shikeni," akasema. "Sasa nimechoka. Na mimi ni mtoto. Na mimi nataka kuucheza Mwaka."

Akajinyoosha mgongo. Akatazama huku na huku, akawaona wasichana wa rika lake wamekaa mstari, wanamkodolea macho. Akachechemea akaenda kwao, wakasogeana, wakampa nafasi. Mpiga ngoma mmoja mzee akamwangalia yule mtoto, akafuta macho, akaanza kupiga tena.

Tangu hapo mpaka siku ya nne, Mcha na Mwanakombo hawakucheza. Walikaa kizingitini pa banda, mmoja huku, mmoja kule, Mize katikati na Ame anauliza maswali. Kiwanjani vigelegele vilikuwa vya Kazija, wakavisikia kutoka mbali. Mcha akamwambia mkewe, "Yule wetu."

"Ndiyo," akasema Mwanakombo. "Yule wetu. Na kidogo asiwe wetu."

Hadithi yangu imeishia hapo. Utamu wake mpeni Kazija, uchungu wake wagawane waliomwacha.

Na funzo lake ni hili, wapelekeeni na wakubwa zenu: mtoto mkubwa hata awe hodari vipi, bado ni mtoto. Safari ya kupumzika haimpumzishi mzazi kulea. Ukimzaa, mlinde wewe.